Marashi kwenye Koti la Baba Gunia

"Na nguo zangu za wateja je, nizianike mawinguni?"

Cherehani alikuwa ameshafika hapo, mkono mmoja kiunoni, mwingine umebana pua. Baba Gunia alisimama upande wa pili wa kamba, mswaki mdomoni, akimsikiliza kama mtu asikilizaye mvua ya juu ya bati: huwezi kuizuia, unangoja ipite.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kamba. Nyumba ile ilikuwa na vyumba sita, uwa mmoja, bomba moja na kamba moja ya kuanikia, na katikati ya kamba hiyo, kila asubuhi ya Mungu, lilining'inia koti la kijani la Baba Gunia. Koti lile halikuwa nguo, lilikuwa zizi. Lilinuka kinyesi, mkojo, majani yaliyochacha, na kitu kingine ambacho Cherehani, pamoja na mdomo wake wote, hakuwahi kukipatia jina. Cherehani mwenyewe alikuwa mshonaji. Mashine yake ilikaa barazani mchana kutwa, na jina la mashine likamhamia yeye, kwa kuwa, walisema wapangaji, vyote viwili vikianza kupiga havina breki. Siku hiyo alikuwa na magauni manne ya harusi ya kuanika, na mama wa bibi harusi alikuwa anakuja kuyachukua saa sita.

Baba Gunia alitoa mswaki akasema koti halinuki. Alikuwa akisema hivyo mwaka wa tatu sasa, bila kucheka, na hilo ndilo lililomchoma Cherehani kuliko harufu yenyewe. Mtu akikwambia nisamehe jirani, nitaliondoa, yamekwisha. Lakini mtu akutazame machoni akwambie kitu kilichojaza uwa mzima hakipo? Alimwuliza kama ile iliyokaa usoni mwake ni pua au ni pambo. Wanawake waliopanga foleni bombani wakacheka. Baba Gunia akatema povu.

"Dada Cherehani, koti hili haliguswi na sabuni. Nimeshakwambia. Kazi yangu ndivyo inavyotaka."

Akachukua ndoo, akaingia bafuni. Hakueleza zaidi, maana hakuwa mtu wa maelezo. Walichojua wapangaji ni kwamba alifanya kazi nje ya mji, kwenye hifadhi wanakotunzwa wanyama yatima na wagonjwa, na kwamba alikuwa amemlea kifaru kwa chupa tangu akiwa na ukubwa wa gunia la mkaa. Kifaru akaitwa Gunia, mlezi akawa Baba Gunia. Mkewe, aliyekaa miaka saba ya ndoa bila mtoto, akaitwa Mama Gunia, kwa utani ambao mwanzoni ulimliza na baadaye akauzoea. Sasa alikuwa na mimba ya miezi minane, na uwa mzima ulikuwa ukiihesabia siku kama vile kila mtu ana hisa yake mle tumboni.

Cherehani akabaki na koti, uso kwa uso. Hakukusudia ubaya, na baadaye hakuna aliyemwambia alikusudia. Aliingia chumbani kwake akatoka na chupa ya marashi aliyopewa na mteja, yale makali yanayomtangulia mtu mlangoni na kubaki sebuleni saa nzima baada ya mwenyewe kuondoka. Halifuliwi? Vema, yeye hafui. Akaligeuza koti ndani nje, akayamimina kwenye bitana, kwapani, kolani, hata chupa ikabaki nusu na vidole vyake vikawa vinateleza. Akaligeuza tena, akalirudisha kambani kama lilivyokuwa. Wanawake wa foleni walishikana mabega kwa kicheko.

Baba Gunia alipotoka bafuni alilivaa, akafunga vifungo, akasema tutaonana jioni, akapita katikati yao bila kupepesa hata ukope. Hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu, kwamba mwanamume amevaa bustani nzima ya maua na hajui. Lakini akili ya Cherehani asubuhi hiyo ilikuwa imekaa kwenye ushindi, na ushindi haulizi maswali.

Saa tatu na kitu Mama Gunia alirudi kutoka kliniki. Cherehani hakumngoja hata apumue. Alimsimulia kisa chote huku mguu uko kwenye pedeli, akaigiza mumewe anavyotembea kifua mbele na marashi yanamfuata nyuma kama mbwa. Mama Gunia alianza kutabasamu, kama mke anavyotabasamu mumewe akisemwa. Kisha tabasamu likatoka usoni taratibu, halikurudi. Aliuliza mara moja tu: kwenye koti alilovaa leo? Akajishikiza ukutani, akakaa kwenye ngazi, mikono yote miwili tumboni.

"Dada," alisema, "mume wangu hanusi."

Mashine ikanyamaza.

Ilikuwa homa, alieleza, homa kali kabla hawajahamia pale. Ilipoondoka iliondoka na pua. Tangu hapo kwake waridi na choo ni mamoja. Hakutaka watu wajue, aliona watamcheka; ndiyo maana akiambiwa koti linanuka hubisha, kwa sababu hana la kulipima. Na Gunia naye ni kipofu. Macho yake yaliharibika kwa ugonjwa tangu akiwa mdogo, na mpaka leo husafishwa kila siku kwa dawa. Gunia hajawahi kuiona sura ya Baba Gunia. Baba anayemjua yeye ni lile koti. Mwaka juzi makoti yalikuwa yakilala stoo, pamoja na dawa za kunyunyizia. Mfanyakazi mmoja akaingia kwa Gunia na koti lake lililoshika harufu ya dawa, akatolewa na mbavu tano zimevunjika. Tangu siku hiyo ikawa sheria, kila koti lilale kwa mwenyewe.

Cherehani aliuliza kama wenzake Baba Gunia kazini hawatayasikia marashi wakamzuia. Mama Gunia akatikisa kichwa. Mumewe anaingilia mlango wa nyuma, anakata majani peke yake porini mpaka saa nne na nusu, kisha anaingia bomani kwa Gunia moja kwa moja. Namba ya ofisi hawakuwa nayo, wakapiga simu yake. Iliita ikaita, maana simu haziingizwi ndani kwa wanyama, zinafungiwa kabatini. Wakapiga tena, kwa sababu mtu hana la kufanya. Mama Gunia akainuka, akaanza kutafuta viatu.

"Usiende popote," Cherehani alimwambia. "Mimi ndiye nimeliharibu."

Akaacha gauni la harusi limebanwa chini ya sindano, akatoka mbio na aproni yake iliyojaa pini, akadandia bodaboda ya kwanza aliyoiona. Dereva alimjua, na baada ya kilomita tatu akamwuliza kama anaumwa, kwa kuwa hakuwahi kumsikia akinyamaza zaidi ya muda wa kumeza mate. Cherehani alisema aongeze mwendo. Kichwani mwake alikuwa anamwona mtoto ambaye hajazaliwa, amekuwa mkubwa wa kutosha kuuliza baba yake yuko wapi, na uwa mzima unamwelekezea kidole barazani: mwulize yule pale.

Getini mlinzi alimsimamisha kabla hajashuka. Kazi ya mlinzi yule, pamoja na kufungua geti, ilikuwa kuwanusa wageni, na wenye manukato waliogeshwa mikono au walirudishwa. Alivuta pumzi mara moja akarudi nyuma. Alisema mama, hivyo hupiti, hata kama ni mkwe wake meneja. Cherehani alieleza kwa maneno yaliyopandana. Ilimchukua mlinzi muda kuyapanga, na alipoyapanga uso wake ulibadilika rangi. Akaita kwenye redio. Redio ikakoroma, sauti ya mwanamke ikajibu kwamba Baba Gunia ameshaingia, nani anataka kumwona na kwa nini. Mlinzi akajibu kwa nini. Kisha ile sauti ikasema: "Mlete. Mtoe harufu kwanza."

Palikuwa na ndoo. Mlinzi hakuomba ruhusa. Alichota kinyesi cha kifaru kwa mikono miwili, akampaka kuanzia vidoleni hadi mabegani, shingoni, kwenye aproni, kama fundi anayekandika ukuta. Cherehani alisimama ameinua mikono, na wala hakukumbuka kubana pua.

Sasa, huyu ni mtu aliyekuwa akimkimbia paka wa jirani. Njia ya kwenda kwa Gunia ilipita kati ya vizimba, na mlinzi alikwenda mbele kwa hatua za haraka, amemwonya asikimbie, kwa kuwa kinachokimbia huku ni chakula. Kushoto kwake chui mwenye miguu mitatu aliinuka kutoka kwenye ubao wake, akatembea sambamba naye, waya tu katikati, na kila Cherehani alipopunguza mwendo chui naye alipunguza. Macho yake hayakuwa na hasira yoyote, na hilo ndilo lililomtisha. Yalikuwa macho ya mteja anayechagua kitambaa. Mbele kidogo fisi wawili walikuwa wamelaza videvu kwenye magogo ya uzio wao. Mmoja akafungua mdomo, akaufunga. Kitu kikapumua nyuma ya ukuta wa nyasi, kizito, ambacho hakukiona kabisa. Jasho lilimtoka juu ya kinyesi, na alijua chini ya kinyesi marashi bado yapo.

Daktari wa wanyama aliwangoja kwenye boma la mwisho. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabuti makubwa, na kidole kilikuwa mdomoni tayari. Boma lilizungushiwa magogo manene kama mapaja, yakiacha nafasi ya kupitisha bega. Ndani, Baba Gunia alikuwa ameinama kwenye hodhi la maji, mgongo kwao, anasugua ukoga kwa brashi na kuguna wimbo usio na maneno, kwa sababu kipofu hashtukizwi. Koti liko mwilini, vifungo vyote vimefungwa. Hatua ishirini mbele yake palikuwa na mwamba wa kijivu. Cherehani aliutazama mwamba ule akimtafuta mnyama alipo, mpaka mwamba ulipotikisa sikio.

Daktari alinong'ona bila kugeuza shingo. Upepo unatoka kwa Gunia kuja kwao; aliokota vumbi, akaliachia, likawapeperukia usoni. Ukiendelea hivyo, Gunia anasikia wimbo tu na hana shida. Lakini mtu asipige kelele. Gunia akishtuka ataenda kwenye kitu kilicho karibu naye, na kitu hicho kinajulikana. Bunduki ya usingizi imefuatwa, ila dawa yake inachukua dakika nane kumlaza.

"Na yeye anachukua muda gani kufika pale?" Cherehani aliuliza.

Daktari akaitazama ile nafasi ya hatua ishirini.

Ndipo Baba Gunia alipogeuka kumwaga maji machafu, akamwona. Cherehani alikuwa na nafasi hiyo moja, na mkono wake ukafanya kitu pekee ulichokizoea mbele ya mtu yule: ukabana pua, na ule mwingine ukamwonyesha koti. Alifanya hivyo mara mbili, kwa nguvu zake zote.

Aliona uso wa Baba Gunia ukifunga kama mlango. Jirani amemfuata mpaka kazini. Ametoka mjini, amejipaka sijui nini, amekuja kumwaibisha mbele ya mkubwa wake kwa ugomvi wa kamba. Akampungia brashi, kama mtu anavyofukuza kuku, akawapa mgongo, akaendelea kusugua. Na wimbo akaendelea nao.

Cherehani akashika gogo kwa mikono miwili. Alitaka kupiga kelele. Miaka yote ile, sauti ndicho kitu alichojaliwa, na leo haikuwa na matumizi. Akatazama chini. Kwenye aproni yake palikuwa na uzi mweupe, uzi wa gauni la harusi, umeng'ang'ania kwenye kinyesi, na ncha yake ilikuwa imemlalia tumboni kwa upepo. Alipokuwa anautazama, uzi ukalegea. Ukaning'inia wima, kwa muda wa pumzi mbili. Kisha ukainuka taratibu, ukaelekea bomani.

Mwamba ukainua kichwa.

Gunia alipuliza hewa puani, sauti kama ya pancha ya lori. Wimbo wa Baba Gunia ukakatika. Akamwita kwa upole, kwa yale majina ya utotoni ambayo mtu hawezi kuyatamka mbele ya watu, na Gunia akapiga hatua mbili, akasimama, masikio yakizunguka kila moja upande wake. Sikio lilimwambia huyu ni baba, pua ikamwambia baba hayupo. Akakwaruza ardhi. Baba Gunia alirudi nyuma nusu hatua, na kwa mara ya kwanza akaanza kuangalia huku na huku akitafuta nini kimeharibika. Aliangalia hodhi, akaangalia miti, akaangalia magogo.

Cherehani alikuwa ameshafungua aproni. Aliivua kupitia kichwani, akairusha pembeni mbali, pini zikamwagika. Akavua kitambaa cha kichwa, akakitupa nacho. Akashika blauzi yake mwenyewe kifuani kama anataka kuipasua, akamnyooshea kidole, akaonyesha kutupa. Vua. Tupa. Mdomo wake ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka.

Baba Gunia alimtazama. Mkono wake ukapanda kolani, ukaivuta puani, kama mtu aliyesahau. Akavuta pumzi ndefu. Hakupata kitu, kama asivyopata miaka yote, na usoni mwake Cherehani akaona kwamba sasa ameelewa.

Vifungo vilikuwa vinne. Cha tatu Cherehani mwenyewe alikuwa amekishona mwezi uliopita, kwa uzi maradufu, akijisifu kwamba hicho hakitoki mpaka kiama.

Gunia akaja. Hakuja kama ng'ombe anavyokimbia, kwa kuruka ruka. Alikuja kama ukuta ulioamua kuhama. Cherehani aliisikia ardhi kwenye nyayo kabla ya masikioni. Kifungo cha kwanza kilifunguka, cha pili kikafunguka, cha tatu kikagoma, na Baba Gunia akashika koti kwa mikono yote miwili akalipasua hapohapo, kitambaa kikalia, akalirusha kushoto na yeye akajitupa kulia, kando ya hodhi, uso chini. Gunia alipita baina yao. Pembe ikalipata koti hewani. Akalipigiza chini, akalikanyaga, akaliinua tena, mkono mmoja wa koti ukaruka peke yake kama ndege. Alipiga mpaka vumbi likaficha koti na mtu, na Cherehani hakujua tena kipi kinachopigwa.

Vumbi lilipotua Baba Gunia alikuwa bado amelala pale alipoangukia, na fulana yake ilikuwa nyeupe na haina damu. Gunia alikuwa ameanza kutafuta. Alishusha pua ardhini, akaja nayo polepole akifuata mchanga, hadi kwenye kisigino cha yule mtu, akapanda na mguu, na mgongo, na pembe ikapita juu ya mbavu karibu kiasi cha kushika fulana. Pumzi zake ziliiinua ile fulana na kuiacha. Baba Gunia hakuguna wala hakuita. Mtu mwenye bunduki alikuwa amefika, amepiga goti, na daktari alikuwa amemwekea mkono begani: usipige. Cherehani aliuma kidole chake chenye kinyesi na hakusikia ladha.

Gunia alimnusa mwanamume yule kuanzia chini mpaka kisogoni, na hakumjua. Hakumchukia pia. Alimwacha kama mtu anavyoacha gogo, akageuka, akarudi kwenye matambara ya koti. Akayanusa. Chini ya marashi yote yale alikuwa amepata kitu. Akayasimamia, kichwa kimeinama, akatoa sauti nyembamba ambayo Cherehani hakutegemea itoke kwenye mwili mkubwa hivyo.

"Anamwita," daktari alisema.

Baba Gunia alitambaa kwa tumbo hadi kwenye kilango. Ilichukua muda mrefu. Walipomvuta nje alikaa chini, mgongo kwenye gogo, midomo imekuwa ya kijivu, na neno la kwanza alilosema ni kwamba macho ya Gunia hayajasafishwa. Daktari alimjibu kwamba leo hayatasafishwa, na kesho pia, na kwamba kuanzia sasa majani yatapitishiwa juu ya magogo mpaka waone. Huenda ikawa miezi. Huenda asimkubali tena. Baba Gunia alitikisa kichwa kukubali. Cherehani alisimama pembeni, nywele wazi, hana aproni.

Walirudishwa na gari la kazini, yeye nyuma, Baba Gunia mbele, na njia nzima alikiona kisogo tu. Alipanga maneno ya kuomba radhi, akayapangua, akayapanga tena. Kila alipofika mwisho yalikuwa na utani ndani yake, na hakujua kuongea bila utani.

Uwani watu walikuwa wamejaa, na foleni ya bomba haikuwa na ndoo hata moja. Mama Gunia alikuwa palepale kwenye ngazi. Mumewe alipokaribia, mke alimpapasa mabega, mikono, mbavu, kama anayehesabu, kisha akaingia naye ndani na mlango ukafungwa.

Wanawake wakamzunguka Cherehani. Walitaka kisa, na kilikuwa kisa cha mwaka, kisa ambacho siku nyingine angekipika wiki mbili akigawa kidogo kidogo. Alisema ana kazi. Alinawa bombani mara tatu, akakaa kwenye mashine, akajaribu kutunga uzi kwenye sindano, na uzi ukapita kila mahali isipokuwa tunduni. Mama wa bibi harusi alikuwa ameshakuja akaondoka kwa hasira. Cherehani hakujali. Alikuwa anautazama ule mlango. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa kifaru na bado mlango ule wa mbao, wenye kitasa cha bati, ulimtisha zaidi. Utafunguliwa, atatoka, atamwambia mbele ya watu wote neno analostahili kuambiwa, na itambidi ahame, na kokote atakakohamia watu watauliza kwa nini. Alisikia sauti mle ndani, ya kiume, kisha ya kike, kisha sufuria.

Mlango ukafunguliwa. Baba Gunia alisimama kizingitini na shati safi. Watu wote uwani wakaacha walichokuwa wakifanya, au walichokuwa wakijifanya wanafanya. Cherehani akainuka, mikono haijui ikae wapi.

"Sijakusamehe bado," alisema Baba Gunia. "Tusidanganyane." Akafuta uso kwa kiganja. "Lakini mwenzangu anasema hatii kitu mdomoni mpaka wewe uingie, na yule wa tumboni tangu asubuhi hajapata kitu. Ingia, dada. Tule."